Re: Wajapani wamekaa kimya baada ya kikao, je, dili la ufuta limekufa?

Mkuu, halijafa. Kwa ulivyoeleza, yaani kikao cha Zoom na wanunuzi wa Osaka, wakubwa kimya, mmoja kafumba macho, na tangu hapo ni kijana mmoja tu anayekuandikia kuuliza dawa za shambani, mimi ningefurahi.

Nimefanya kazi Kobe kwenye ofisi ya waagizaji wa mbegu za mafuta, kwa hiyo nimekaa upande wa pili wa hiyo meza. Kule kikaoni hapaamuliwi kitu. Mambo yanapikwa pembeni: mtu mmoja mmoja anafuatwa, anaonyeshwa karatasi, anatoa dukuduku lake bila kumvunjia mtu heshima hadharani. Wenyewe wanaita nemawashi. Kisha mtu wa chini anaandika pendekezo, linapanda ngazi kwa ngazi, kila mkubwa anagonga muhuri. Mwaka 2020 waziri Kono Taro alizihimiza wizara ziachane na mihuri, ila hata karatasi zikihamia kwenye kompyuta, safari ni ileile. Yule kijana unayemdharau ndiye mwenye faili lako. Ukimruka ukamwandikia bosi wake, umemwaibisha, na faili litalala.

Maswali yake nayo si usumbufu. Tangu Mei 2006 Japani ina kanuni kwamba kiuatilifu kisichowekewa kiwango maalumu kisizidi miligramu 0.01 kwa kilo ya mzigo. Kontena likikwama bandarini, anayebanwa ni aliyeandika pendekezo. Mpe majibu ya maabara na wilaya ulikonunua. Kama hujui wakulima walipulizia nini, mwambie hujui na utaje lini utajua. Tarehe hiyo usiivuke.

Kilichonishtua ni kwamba walivyonyamaza ukashusha bei. Sisi Wabongo kimya kinatuwasha, mtu asipojibu tunadhani kanuna. Kule anafikiria tu, mwache afikirie! Ukishusha bila kuombwa, wanaanza kujiuliza mzigo una kasoro gani. Mwandikie kijana leo bei ya mwisho ni ipi, ya daraja lipi, inaisha lini, asibaki na bei mbili asijue apeleke ipi kwa wakubwa wake.

Na usimpigie kila siku. Wakikukataa utapata barua yenye shukrani tele na isiyo na swali hata moja. Ikija hiyo, tafuta mnunuzi mwingine.