Dada wa Sakina, Arusha, usiguse rikavari kabla hujatoa picha

Dada, acha kwanza. Usibonyeze kitu.

Nimesoma uzi wako nimesimama dukani, mteja anasubiri plagi ya pikipiki, nimemwomba avumilie. Unasema Samsung yako tangu imalize apdeti inawaka, inafika mpaka skrini ya mwanzo, inakaa kama dakika 2, inajizima na kuwaka upya. Ndani kuna picha za mwanao tangu siku aliyozaliwa. Umeuliza namna ya kuingia rikavari, ile menyu ya kutengenezea simu inayofunguka kabla mfumo haujawaka, bei ya kuflashi, yaani kuweka mfumo upya, hapo Arusha, na kama betri inaweza kuwa sababu. La rikavari nitalifikia. Kilichonishtua ni jamaa wa hapo juu aliyekujibu "futa data tu, itapona", na wewe ukamwambia asante, unafanya usiku huu.

Kupona itapona. Hata yangu ilipona.

Desemba ile tulipanda nyumbani Kibosho kama kawaida yetu. Babu alishaanza kuchoka, akaniambia nichukue simu nimfuate. Tukazunguka kihamba chote, shamba letu la migomba la ukoo, yeye mbele na fimbo, mimi nyuma narekodi. Kila penye isale, ule mmea tunaopanda mpakani, anasimama, analishika jani, anasema nani alilipanda, upande ule ni wa nani, na mfereji ulipita wapi kabla haujahamishwa. Dakika 11. Karibu na mwisho anainama, anasogeza majani makavu ya mgomba kwa fimbo ili kamera ilione jiwe la mpaka vizuri. Machi tukamzika.

Juni simu ikaanza vilevile kama yako. Ilikuwa ya GB 32, imejaa pomoni. Inawaka, inakaa dakika 3, inazima. Dakika 3, dada! Waya wa USB ulikuwa kwenye droo ya kaunta, kompyuta ya mahesabu iko mbele yangu. Ningeichomeka pale pale, ile video ingetoka. Badala yake nikaipeleka kwa fundi mmoja wa mjini hapa Moshi.

Nilimuuliza mara mbili: na vitu vyangu je? Akajibu bila kuinua kichwa, "Bosi, vitu viko kwenye memori, mimi nagusa sistimu tu." Akashikilia kitufe cha kuwasha pamoja na cha kuongeza sauti. Akaja yule roboti aliyelala chali, tumbo wazi, pembetatu nyekundu juu yake. Akabonyeza tena, ikafunguka orodha ya maandishi madogo. Nilikuwa nachungulia begani kwake. Mistari miwili imebanana: "Wipe data/factory reset", na chini yake "Wipe cache partition". Huo wa chini unafuta mafaili ya muda ya mfumo, picha zako haugusi. Wa juu unasafisha memori yote ya ndani: picha, video, meseji, namba ulizohifadhi kwenye simu, na hata bakapu ya WhatsApp inayokaa humo humo. Simu yenyewe iliuliza kwanza, ikaonya kwa herufi kubwa kwamba jambo hili halirudi nyuma. Yule bwana akabonyeza kukubali huku anaongea na jirani yake habari za mpira.

Hasira yangu yote iko kwenye hilo neno "memori". Memori kadi ni kitu kimoja, memori ya ndani ni kingine, na fundi anayekula kwa kazi hiyo analijua hilo. Kamera yangu ilikuwa inahifadhi ndani. Kadi ilibaki salama na nyimbo zangu za kwaya.

Halafu akataka 40,000 arudishe picha kwa programu ya kompyuta. Nikatoa. Baada ya siku mbili akanipa flashi yenye zile zile nyimbo za kwenye kadi! Baadaye ndipo nikaelewa: simu yangu ilitoka kiwandani na Android 10, na kuanzia toleo hilo simu zote mpya hutakiwa kuificha data kwa ufunguo wa siri. Ukifuta data, na ufunguo unapotea. Hata kama mabaki yapo, hakuna wa kuyasoma. Anayekuahidi kurudisha baada ya hapo anakula hela yako, iwe Moshi au Arusha.

Na atakayeniuliza kwa nini sikuweka bakapu apange foleni nyuma ya mke wangu na shangazi zangu watatu. Leo hii baba mdogo anasema masale yamehamishwa, shangazi anasema hayajaguswa, hawasalimiani kwa sababu ya futi 6 za ardhi, na aliyekuwa anajua tulimrekodi.

Kwa hiyo, dada: toa kwanza, ndipo ufute. Simu inayowaka hata dakika 1 bado haijafika rikavari. Chomeka kwenye kompyuta, iwashe, fungua loki, shusha taarifa za juu, chagua kuhamisha mafaili. Anza na folda ya DCIM, ndiko kamera inakoweka. Ikizima katikati, iache iwake tena, endelea ulipoishia. Fanya hivyo hata mara 50.

Ikikataa kutulia, shikilia kitufe cha kuzima (Samsung mpya, pamoja na cha kupunguza sauti) mpaka menyu itokee, kisha kandamiza alama ya kuzima bila kuachia, itakuuliza kama unataka hali salama. Humo programu ulizopakua hazifanyi kazi, na kama mojawapo ndiyo inayoleta vurugu, simu itakaa muda mrefu.

Picha zikishatoka zote, na umezifungua kwenye kompyuta ukaziona kwa macho, ndipo uende rikavari. Samsung za Android 11 na kuendelea kwa kawaida hazikubali kuingia mpaka ziwe zimechomekwa waya kwenye kompyuta, usije ukadhani vitufe vimekufa. Jaribu mstari wa chini, ule wa cache, uiwashe upya uone. Ikigoma kabisa ndiyo ufute data, ukiwa na akaunti yako ya Google na neno lake la siri mkononi, maana ikirudi itaidai. Ulinzi huo upo tangu Android 5.1 ya mwaka 2015. Yangu akaunti alifungua muuzaji, ilinichukua siku mbili kuipata.

Kompyuta unayo? Kama huna, andika hapa sasa hivi. Mdogo wangu anakuja Arusha kesho na gari la saa 12 asubuhi, ana laptopu na waya, atapita hapo Sakina. Mpaka afike, ukiona simu inazima, iache ijizimie.