Imefeli, au haikuanza?

Wiki iliyopita kijana wetu mpya alinipigia saa kumi na moja alfajiri. "Kaka, kazi ya usiku imefeli." Yaani ile kazi ambayo seva inaifanya yenyewe kwa ratiba, watu wakiwa wamelala. Nikamuuliza: imefeli, au haikuanza? Kimya. Nikasikia tu majogoo ya Chang'ombe yakiwika nyuma yake. Kumbe alishaanza kuhariri skripti, yale maelekezo yanayoiambia kompyuta nini cha kufanya. Wadogo zangu, nawapenda, lakini mtaniua.

1. Fungua historia, orodha ya kila mara kazi ilipoendeshwa, kabla hujagusa skripti. Ukikuta mstari mwekundu, kazi ilianza ikafia njiani; soma kosa. Usipokuta mstari wowote wa usiku huo, skripti haina hatia, haikuitwa hata. Mtafute aliyetakiwa kuiita.

Hili nililipia. Miaka hiyo nilikuwa nahudumia mnunuzi mmoja wa alizeti hapa Dodoma, mwenye maghala Kibaigwa na Mpwapwa. Kila saa nane usiku mfumo ulivuta mapokezi ya maghala na kuyaingiza kwenye salio la stoo. Ijumaa moja umeme ukakatika, betri ya akiba ikakata roho, seva ikazimika. Umeme uliporudi, SQL Server, programu inayotunza data zote, ikaamka, watu wakaingia kwenye mfumo, ankara zikatoka, nami nikaenda zangu kula nyama. Jumatatu salio limeganda pale pale pa Alhamisi.

Mimi, fundi mkubwa, nikafungua skripti. Nikaipangua, nikaipanga. Nikaiendesha kwa mkono, ikapita! Nikamtumia bosi ujumbe wa majigambo. Jumanne asubuhi, hakuna kitu. Nikaipangua tena, na safari hii nikatoa ule ukaguzi unaozuia hati kuingia mara mbili, eti unachelewesha. Nikaiendesha kwa mkono, skrini ikasimama, nikadhani imekwama, nikaiendesha tena. Mapokezi yakaingia maradufu. Watu wa mauzo wakaona alizeti tele, wakaahidi mzigo, lori likaja kutoka Singida, na pale Kibaigwa magunia yalikuwa nusu ya ahadi. Dereva alilala siku mbili. Posho yake ilikatwa kwenye malipo yangu, na sikuwa na mdomo wa kulalamika.

Aliyeniokoa ni mama mhasibu. Nilikuwa namweleza, kwa kiburi kidogo, kwamba kuna programu pembeni ambayo shughuli yake ni kuziamsha kazi za usiku. Akasema, "Na hiyo yenyewe, mwanangu, imeamka?"

Programu hiyo ya pembeni, SQL Server Agent, ilikuwa imelala tangu Ijumaa. Ukiisakinisha bila kubadilisha kitu, huwa inasubiri kuwashwa kwa mkono. Aliyeisakinisha bila kubadilisha kitu ni mimi.

2. Kwa hiyo iwekeni ijiwashe yenyewe. Ni dakika moja.

3. Paswedi ya akaunti inayoendesha huduma (kama hiyo Agent) ikiisha muda, huduma inaweza kuendelea kama kawaida, mpaka siku seva inapowashwa upya. Hapo inagoma, na lawama zote wanatupiwa watu wa umeme.

4. Saa. Seva nyingi za kukodi zinatembea na UTC, saa ya pamoja ya dunia; sisi tumetangulia saa 3. Mhasibu akisema "saa nane usiku" anamaanisha 02:00, na kwenye seva ya UTC hiyo ni 23:00 ya siku iliyotangulia. Nimewahi kukuta mtu ameandika 20:00, kasikia "nane" na "usiku" akajumlisha mwenyewe. Kazi ikaanza watu bado wanaingiza ankara za kufunga mwezi. Leo mtu huyo ni mkuu wangu, kwa hiyo tuishie hapo.

5. cron, mwamshaji wa kazi kwenye seva za Linux, haina mazingira (mipangilio) yale unayoyaona ukiingia kwenye seva mwenyewe. Andika njia kamili ya kila programu.

6. Angalia kama kuna mtu aliizima ratiba "kwa muda" akasahau. Yupo. Huwa yupo siku zote.

Yule kijana wa alfajiri tatizo lake lilikuwa namba 3. Skripti ameirudisha ilivyokuwa, na namdai samahani kwa usingizi wangu: kilo mbili za zabibu. Hajaleta.