Jiko la skuli limefungwa kwa kipindupindu: mchele ulioko ghalani tuufanyeje?

SWALI: Assalaam alaykum. Ninasimamia lishe katika skuli ya msingi huku Micheweni, Pemba. Kipindupindu kimeingia shehia jirani, na maafisa wa afya wametuzuia kuwakusanya watoto kwa chakula. Ghalani tuna mchele, maharage na mafuta ya kula. Mwongozo wa mpango wetu unasema chakula kipikwe na kiliwe skulini. Wazazi wanaomba wagaiwe, mwalimu mkuu anamwogopa mkaguzi. Serikali inaweza kulegeza masharti? Na tukigawa, tugawe vipi?

JIBU: Waalaykum salaam, mwalimu. Inaweza, na nchi nyingi zimeshafanya. Marekani, ambako chakula cha mchana cha skuli kinasimamiwa na Wizara ya Kilimo, sharti lilikuwa kama lenu: mtoto ale palepale, pamoja na wenzake. Korona ilipofunga skuli, sheria iliyotiwa saini tarehe 18 Machi 2020 iliipa wizara hiyo uwezo wa kuyasimamisha masharti kwa nchi nzima. Mzazi akaruhusiwa kuchukua chakula bila ya kuja na mtoto, na chakula cha siku kadhaa kikatolewa kwa mkupuo mmoja. Brazil nayo ilipitisha sheria tarehe 7 Aprili 2020 kuruhusu vyakula vilivyokwisha kununuliwa kwa ajili ya skuli wagaiwe wazazi au walezi wa wanafunzi.

Sasa tazama ambacho Marekani hawakukilegeza. Jimbo lililotaka wazazi wachukue chakula lilitakiwa liwe na mpango wa kuhakikisha kwamba kinamfika mtoto anayestahiki, na kwamba hakuna anayechukua mara mbili. Hapo ndipo ninapotaka wewe na mwalimu mkuu msimame. Mahali pa kulia, saa ya kula na namna chakula kinavyotoka ni mambo ya kulegezwa. Daftari na usafi havilegezwi, na wakati wa maradhi ndio hukazwa zaidi.

Kwa hiyo msifungue ghala kwa maneno ya simu. Andikeni barua leo kwa afisa elimu wa wilaya, nakala kwa afisa afya wa wilaya na kwa sheha. Kama chakula kimetoka kwa mfadhili, naye apate nakala na ajibu kwa maandishi, kwa sababu makubaliano yenu naye ndiyo atakayoyashika mkaguzi. Msiombe "ruhusa ya kugawa chakula" hivi hivi. Tajeni sharti mnalotaka lisimamishwe (kula skulini), muda wake (tuseme wiki mbili, halafu mtazame tena), idadi ya watoto na kiasi cha kila mmoja. Barua ya namna hiyo afisa anaweza kuijibu siku hiyo hiyo. Barua isiyo na hesabu atairudisha, na mimi pia ningeirudisha.

Kuhusu kiasi, kama mwongozo wenu hautaji vyengine, sahani ya mtoto wa msingi kwa kawaida ni gramu 120 za mchele, 30 za maharage na 10 za mafuta. Kwa siku 10 za masomo, kila mtoto anapata kilo 1 na gramu 200 za mchele, gramu 300 za maharage na gramu 100 za mafuta. Skuli ya watoto 400 itatoa kilo 480 za mchele, 120 za maharage na 40 za mafuta. Pimeni kwa mizani. Mkilazimika kutumia kopo, pimeni kwanza kopo la mchele na kopo la maharage, kila moja peke yake, kisha mlitie alama. Mafuta ndiyo yenye usumbufu: kila mzazi aje na chupa yake safi, kavu, yenye kifuniko.

Gawieni vyakula vikavu tu. Najua kuna watakaopendekeza mpike na kuwafungia watoto wali waende nao. Kataeni. Vimelea vya kipindupindu huzaliana upesi katika wali ulioachwa ukapoa, na mtawapelekea maradhi watoto mliotaka kuwasaidia.

Siku ya kugawa, waiteni wazazi kwa madarasa, kila darasa saa yake, ili foleni isirundike langoni. Wekeni ndoo ya bomba yenye maji yaliyotiwa klorini, na sabuni, na kila anayeingia anawe. Nyumba yenye mgonjwa isije kabisa. Mgao wake upelekwe na mhudumu wa afya ya jamii au mtu atakayeteuliwa na sheha. Daftarini liandikwe jina la mtoto, darasa, kiasi, siku zinazohusika, na sahihi au dole gumba la aliyepokea. Ghala lifunguliwe mbele ya wajumbe wawili wa kamati ya skuli, na salio lihesabiwe jioni hiyo hiyo.

Kuna jambo linaloniuma katika mgao wa nyumbani. Skulini sahani ni ya mtoto mmoja. Nyumbani mchele huo unaingia chungu kimoja na unaliwa na wote, pamoja na mdogo asiyeanza maandalizi. Msimlaumu mama kwa hilo, wala msimwekee sharti ambalo hawezi kulitimiza. Kama ghala linaruhusu, ombeni katika barua nyongeza kwa nyumba zenye watoto wadogo wengi. Na kwa kuwa sasa kila nyumba itapika kwa maji yake, kiulizeni kituo cha afya kama kina vidonge vya kutibu maji vya kutoa pamoja na mchele. Kama havipo, kila mzazi aelezwe kwa mdomo kwamba maji ya kunywa yachemke mpaka yatokote.

Wakulima wanaowauzieni muhogo na viazi msiwasahau. Havifai kukaa ghalani, lakini vinaweza kugaiwa vibichi siku ileile vinapoletwa, kama barua yenu imevitaja.

Mkiruhusiwa kupika tena, toeni hesabu ya siku ambazo watoto wameshapewa, zisije zikalipwa mara mbili. Tangi la maji lioshwe na litiwe dawa kabla ya chungu cha kwanza. Na mpishi aliyeharisha katika kipindi hiki asishike mwiko mpaka afisa afya amkubalie, hata kama yeye mwenyewe anasema amepona na jiko lina upungufu wa watu.