Kwa nini nilimripoti mwenzetu polisi

Mdogo wangu, nimesikiliza ujumbe wako wa sauti mara mbili. Umeuliza mtu anaibiwaje jina, halafu ukauliza, kwa kusitasita, kama ni kweli niliwahi kumuuza Mtanzania mwenzangu kwa polisi, kama watu wanavyosema huko Tanga. Viza yako imeshatoka na mwezi ujao unapanda ndege kuja Houston, kwa hiyo sitakuficha kitu.

Ndiyo, nilimripoti. Na ndiye aliyekuwa ananiwekea chakula nikitoka zamu ya usiku.

Tulikuwa wanne kwenye nyumba ya vyumba viwili. Kadi yangu ya Social Security, yaani hifadhi ya jamii ya Marekani, niliitia kwenye bahasha, nikaificha ndani ya begi chini ya kitanda, kama mama anavyoficha hati ya shamba. Kadi yenyewe ni kikaratasi kisicho hata na picha, kina jina na tarakimu 9. Lakini huku tarakimu hizo ndizo wewe. Unazitoa ukianza kazi, ukipanga nyumba, ukiomba mkopo wa gari. Mwenye kuzijua, pamoja na tarehe yako ya kuzaliwa na anwani yako, anaweza kukaa na simu yake akaomba kadi ya mkopo kwa jina lako, na hakuna anayemtazama usoni. Huko nyumbani ukiogopa kwamba mtu amesajili laini kwa kitambulisho chako cha NIDA, unabonyeza *106# unaziona. Huku kinachosajiliwa kwa jina lako ni deni, na usipokwenda kulitafuta mwenyewe, utakutana nalo siku ya haja.

Mimi nilikutana nalo miezi minane baadaye, nilipotaka gari. Mkopo ukakataliwa. Kampuni zinazotunza rekodi za mikopo ya watu ni tatu, Equifax, Experian na TransUnion, na ripoti zao zinapatikana bure kwenye annualcreditreport.com. Nilipozifungua nikakuta kadi mbili na akaunti ya simu nisizozijua, deni jumla dola 11,400. Anwani iliyoandikwa ilikuwa ya nyumba yetu. Hapo miguu iliniisha nguvu, maana barua za madeni hayo zilikuwa zinaingia kwenye sanduku letu, na mwenye kwenda sandukuni kila siku nilimjua.

Sikukimbilia polisi. Nilimuuliza, akalia, akasema mama yake anasafishwa figo na fedha zilimwishia. Wazee wetu wa hapa wakatukalisha chini: alipe dola 400 kila mwezi, mambo yaishie ndani. Nilikubali kwa moyo mweupe. Alilipa miezi miwili, kisha akahamia jimbo lingine bila kuaga. Na siku ile tunasuluhishwa, kadi ya tatu ilikuwa imeshaombwa.

Watu wa huko hawaambiwi sehemu hii. Sheria ya Marekani inamlinda sana aliyeibiwa, ila inamtaka aseme kwamba ameibiwa. Unaandika taarifa kwenye identitytheft.gov, tovuti ya serikali, unathibitisha kwamba unachosema ni kweli, na ukidanganya ni kosa la jinai. Ukiipeleka taarifa hiyo na kitambulisho chako kwa zile kampuni tatu, zinatakiwa ndani ya siku 4 za kazi ziyazuie madeni hayo yasionekane kwenye rekodi yako. Mmoja wa wanaonidai akataka na ripoti ya polisi. Tovuti ile na polisi, wote waliniuliza kama ninamjua aliyefanya. Ningesema simjui, ningekuwa nimeapa uongo. Ningenyamaza, ningekuwa nimekubali kulipa. Niliandika jina lake, na usiku ule sikulala.

Sasa wewe. Kadi yako italetwa kwa posta, wiki chache baada ya kufika. Kabla haijafika tutakusajili kwa posta, huduma ya bure inayokutumia kila asubuhi picha za bahasha zinazokuja kwako. Ukishaipata, tutafungia rekodi yako kwenye kampuni zote tatu, maana kufungia moja hakufungi nyingine. Ikikataa kwenye intaneti kwa kuwa wewe bado mgeni, tutawaandikia barua. Rekodi ikifungwa, anayeomba mkopo kwa jina lako anagonga ukuta. Siku ukihitaji mkopo mwenyewe, unafungua kisha unafunga tena. Ni bure kisheria tangu Septemba 2018. Mwaka mmoja kabla ya hapo wadukuzi walichukua kwa Equifax taarifa za watu wapatao milioni 147, kwa hiyo usidhani begi chini ya kitanda linatosha.

Kwenye vituo vya mafuta lipa kwa kadi ya mkopo, usitumie ya benki inayokata fedha moja kwa moja kwenye akaunti yako, kwa sababu wezi hubandika vinasa kadi kwenye pampu. Ya mkopo ikiibiwa, kisheria hasara yako haizidi dola 50. Ya benki, ukichelewa kutoa taarifa zaidi ya siku 2 za kazi inaweza kufika 500, na ukipitisha siku 60 tangu utumiwe taarifa ya akaunti, unaweza usirudishiwe zinazoibiwa baada ya hapo.

Kuna jambo moja nakuomba kwa msisitizo, kwa sababu nakujua huwezi kumnyima mtu. Atakuja mwenzetu asiye na karatasi, mwenye watoto, akuombe namba yako aingie nayo kazini. Mpe chakula, mpe nauli, mlaze sebuleni. Namba usimpe. Mshahara wake utaandikwa kwa jina lako, IRS, mamlaka ya kodi ya huku, itakuandikia wewe kudai kodi yake, na mbele ya sheria mtakuwa na kosa wote wawili.

Mama wa yule niliyemripoti alinipigia simu mwaka jana. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kama mwanawe anakula vizuri, nami sikujua la kumjibu kwa kuwa hata alipo sipajui. Ukipita kwao kabla ya safari, mfikishie salamu zangu na umpelekee unga na sukari. Fedha nakutumia kesho.

Chumba chako kiko tayari. Kina kabati la kufuli, na funguo zake zote mbili nitakukabidhi wewe.