Jibu: Novemba Minnesota kuna theluji msimu wa kulungu?

Mkuu, umeuliza kama zamani msimu wa kuwinda kulungu Minnesota, lile jimbo la Marekani, ulikuwa na theluji kila mwaka. Hapana aisee, haitabiriki kabisa. Msimu wa kuwinda kwa bunduki unafunguliwa mwanzoni mwa Novemba na mwezi huo ni kigeugeu, leo unatoka jasho ndani ya jaketi la kuwindia la rangi ya chungwa, kesho masikio yanaganda.

Mwaka 1991 dhoruba ilianza tarehe 31 Oktoba, mji wa Duluth ukapata kama sentimita 94 za theluji na mji wa Minneapolis kama 72, yaani msimu wenyewe haujafunguliwa watu wanachimba njia kwa koleo.

Ila dhoruba iliyoua kwelikweli ni ya 11 Novemba 1940, japo wawindaji walionaswa walikuwa wa bata sio kulungu. Asubuhi kulikuwa na joto kabisa, watu wakaenda zao visiwani kwenye mto Mississippi na nguo nyepesi, mchana upepo ukageuka, mvua ikawa theluji, mawimbi makubwa, mitumbwi hairudi. Minnesota peke yake walikufa 49 na karibu nusu ni wawindaji.

Kwa hiyo bro, hata ukiona jua beba nguo za ziada, na soksi za sufu, achana na za pamba zikilowa zinakuponza.