Jibu: Bumu la siku 60 kuisha ndani ya wiki tatu

Mdogo wangu, umesema unapokea bumu, yaani pesa ya mkopo wa chuo ya kujikimu, 600,000 ya siku 60, umepanga chumba cha 50,000 kwa mwezi hapo Moshi, na wiki ya nne unaishi kwa kukopa. Tatizo ni kwamba pesa yote inakaa kwenye simu, na salio kubwa linakudanganya.

Siku ileile inapoingia, lipa kodi ya miezi miwili: 100,000. Kisha nenda soko la Mbuyuni na 120,000, nunua mchele, maharage, unga, mafuta na gesi. Usipime kilokilo dukani mtaani. Changeni wawili watatu mchukue kwa gunia, mgawane. Maharage pikeni mengi mara moja, maana gesi inaishia hapo. 60,000 weka ya ugonjwa, kwenye akaunti isiyo na kadi.

Zinabaki 320,000. Zigawe kwa wiki 10, ingawa siku 60 ni wiki nane na nusu, kwa sababu bumu huchelewa. Ni 32,000 kwa wiki: nauli, mboga, bando, fotokopi. Itoe Jumatatu mara moja tu. Ukitoa elfu tano tano, kila safari unakatwa ada, na ada za kiasi kidogo ndizo zinazouma zaidi.

Mikopo ya simu achana nayo kabisa, tafadhali. Bumu likiingia inajikata yenyewe kwanza, hivyo unaanza muhula ukiwa na pengo, unakopa tena kuliziba. Kama unadaiwa sasa, lipa deni hilo kabla ya kwenda soko la mitumba la Memorial kuchagua viatu.