Commodore 64 iliyolala stoo: pima adapta kabla ya kuiwasha

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu baba alisoma Uingereza miaka ya 1980 akarudi na kompyuta ya Commodore 64, kinasa kaseti chake, na kanda kadhaa zenye mwandiko wake. Vyote vimelala stoo hapa Tanga zaidi ya miaka ishirini. Siiuzi, nataka niitumie mwisho wa wiki na wanangu. Fundi wa mtaani anataka kwanza abadilishe kapasita zote. Nimruhusu? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, na Mungu amrehemu mzee. Usimruhusu, angalau kwa sasa. Kapasita za mashine hii kwa kawaida zimevumilia vizuri, na kila mguu unaofumuliwa na kulehemiwa upya unaweza kung'oa njia za shaba kwenye bodi. Mashine isiyo na dalili ya ugonjwa haipasuliwi.

Hatari iko nje ya kompyuta, kwenye lile boksi zito la adapta. Ndani yake mna transfoma na regyuleta ya volti 5 (kifaa kinachozuia volti zisipande), na katika adapta nyingi za aina hii vimezamishwa kwenye epoksi iliyoganda. Joto halina pa kutokea, regyuleta inachoka mwaka hadi mwaka, na inapokufa mara nyingi haikati umeme: inaachia volti zipande. Chipu za memori ndizo huungua kwanza. Na kwa kuwa plagi ya Uingereza inaingia kwenye soketi zetu, na umeme wetu ni ule ule wa volti 230 hivi na hezi 50, hakuna kitakachokuzuia kuiwasha leo usiku. Jizuie mwenyewe.

Chomeka adapta ukutani bila kuiunganisha na kompyuta, kisha pima kwa mita kwenye pini za ile plagi yake ya duara inayoingia kwenye kompyuta, si ile ya ukutani. Upande wa DC unatakiwa usome kati ya volti 4.75 na 5.25. Pini mbili nyingine zitoe takriban volti 9 za AC. Zikisoma 10 hivi kwa kuwa kompyuta haijaunganishwa, si tatizo. Upande wa DC ukizidi 5.25, adapta hiyo imekwisha. Hata ikisoma sawasawa, mimi singeiamini, kwa sababu adapta hizi husoma vizuri zikiwa baridi, halafu volti hupanda zikishapata moto.

Basi kazi ya kumpa fundi wako ni hii: atengeneze adapta mpya. Anahitaji volti 5 za DC zilizotulia, ampea 2 au zaidi, pamoja na transfoma ya volti 9 za AC, ampea 1. Aweke na fyuzi. Chaja ya simu peke yake haitoshi, na adapta ya volti 9 za DC haifai, kwani kompyuta inategemea AC hiyo kutengeneza volti 12 za chipu ya sauti, kuzungusha mota ya kaseti na kuendesha saa zake za ndani. Kama hana uhakika na mpangilio wa pini, asibahatishe. Wapenzi wa mashine hizi huko Ulaya huuza adapta mpya zilizo tayari, na ni heri kusubiri mzigo.

Kwa picha, tafuta TV ya chogo. Waya wa antena unatoa mawimbi ya analogi, kwa kawaida UHF chaneli 36, nayo TV ya zamani itayakamata bila king'amuzi. Waya wa AV unatoa picha safi zaidi. Utaona skrini ya bluu imeandikwa 38911 BASIC BYTES FREE, na chini yake READY. Skrini ikiwa nyeusi na taa nyekundu inawaka, anza na fyuzi ya ndani: ikikatika, volti 9 hazifiki kunakohitajika ingawa taa haijui. Fyuzi ikiwa nzima, washukiwa wangu ni chipu ya PLA, inayoamua ni chipu ipi izungumze wakati gani, na memori. Chipu ya memori inayochoma kidole kuliko wenzake ndiyo ya kutazamwa kwanza.

Ikishawaka, wafundishe wanao kuiandikia. Michezo ipo mingi, lakini mashine hii ya 1982 inakupokea moja kwa moja ndani ya BASIC, lugha yake ya kuandikia programu, bila kusubiri chochote, na hapo ndipo utamu wake ulipo kwangu. Wachape hivi kisha wabonyeze RETURN:

POKE 54276,16:POKE 54296,15:POKE 54277,9:POKE 54273,25:POKE 54276,17

Italia noti moja kutoka kwenye ile chipu ya sauti, iitwayo SID, aliyoibuni Robert Yannes, yenye sauti tatu. Wabadilishe ile 25 iwe 40 wasikie sauti ikipanda. Wakati adapta inatengenezwa, wanaweza kuanza na VICE, programu ya bure inayoiga Commodore 64 kwenye laptopu. Waambie pia wasiguse pini za joistiki, na wazime kabla ya kuchomeka chochote, maana umeme tuli wa mwilini unaua chipu za CIA, zinazosoma joistiki na kibodi.

Sasa zile kanda. Mwandiko wa baba unaweza kumaanisha programu alizotunga mwenyewe, na hazipo popote pengine duniani. Vunja vile vidoleo viwili vya plastiki nyuma ya kila kaseti ili asije mtu akarekodi juu yake. Tazama utepe kwa tochi. Unyevu wa pwani huotesha kuvu, na kanda yenye unga mweupe isichezwe kabla ya kusafishwa. Zilizo safi zicheze kwenye redio-kaseti ya kawaida iliyo nzima, kichwa chake kimepanguswa kwa pamba na spiriti, huku laptopu ikirekodi sauti kwa faili la WAV. Faili hilo hugeuzwa kuwa TAP, aina ya faili la kanda za Commodore, nayo VICE inaisoma. Fanya hivyo kabla kanda haijaingia kwenye kinasa cha baba, ambacho mkanda wake wa mpira huenda umelegea au umeyeyuka. Programu ikiingia, andika LIST, usome alichokiandika mstari kwa mstari.